Ufunguo wa Sanduku: Karama na Uongozi Katika Kwaya

Hotuba ya mmoja wa walimu wa kwanza wa kwaya, Sabato ya Jubilii, Nyamarambe

 

Nimeombwa niseme kwa ufupi juu ya karama za Roho na uongozi. Wako wachungaji hapa wanaolijua somo hili kuliko mimi. Mimi naweza kuwapa ushuhuda tu, nao unaanza na sanduku la bati.

Wanakwaya wa mwanzo mnalikumbuka sanduku lile. Ndani yake mlikuwa na madaftari yote ya nyimbo zetu, yameandikwa solfa kwa mkono, sauti zote nne. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mtu akitaka daftari alikuja nyumbani kwangu, na mara nyingi nilimwambia arudi kesho. Nilisema ninayatunza madaftari yasichanike. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilipenda kuwa mtu wa pekee anayejua wimbo unaanzia wapi.

Mwaka mmoja, wiki ya makambi, niliugua. Kwaya ikaenda bila mimi. Walisimama mbele ya watu, mmoja akatoa sauti, akaitoa juu mno. Soprano hawakuifikia, teno wakapotea, wimbo ukakatika katika ubeti wa kwanza, wakarudi kuketi. Jioni wakaja kunipa pole na kunieleza. Ndugu zangu, nilipokuwa nimelala pale kitandani nikiwasikiliza, moyo wangu ulifurahi. Nilijiambia, "Sasa wameona kwamba bila mimi hawawezi." Nimekaa na furaha ile mbaya miaka mingi, na leo nimeona niitubu mbele yenu.

Sababu ni hii. Kwaya ilipoanguka siku ile, haikuanguka kwa kukosa karama. Karama zilikuwepo. Kesho yake msichana mmoja wa sauti ya alto, ambaye sikuwahi kumpa hata nafasi ya kuongoza mazoezi, alitoa sauti sahihi kwa kichwa tu, bila daftari, wakaimba hadi mwisho. Alikuwa ameusikia wimbo ule kwangu na kuushika wote. Roho alikuwa amempa. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia sandukuni pamoja na madaftari.

Tusome Maandiko tuone. Katika Warumi 12, Paulo anataja karama saba: unabii, huduma, kufundisha, kuonya, kukarimu, kusimamia na kurehemu. Angalieni kusimamia kumewekwa wapi. Ni ya sita, katikati ya yule anayetoa mali yake na yule anayewahurumia wengine. Katika 1 Wakorintho 12:28 maongozi yanakuja baada ya masaidiano. Kiongozi amepangwa kwenye foleni pamoja na wengine. Hakuwekewa kiti pembeni. Na Waefeso 4 inaeleza kazi yake: viongozi walitolewa ili watakatifu waandaliwe kuifanya huduma. Kwa hiyo mimi mwalimu nikiimba vizuri, hiyo ni karama yangu. Wewe ukiimba vizuri kwa sababu yangu, hapo ndipo nimeongoza.

Kwa waimbaji Biblia inatupa mfano wa wazi zaidi. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:22 tunamkuta Kenania, mkuu wa Walawi katika uimbaji. Alipewa kazi ya kufundisha kwa kuwa alikuwa stadi. Vijana, lisikieni hilo: karama haimwondolei mtu mazoezi. Halafu sura ya 25 inatuhesabia waimbaji wa hekalu, watu 288, wamegawanywa zamu 24, kila zamu watu 12. Zamu hizo zilipangwa kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Daudi angeweza kuwapanga kwa ukoo, au kwa umri, au kwa aliyeanza kujiunga. Walipiga kura.

Sisi wa Nyamarambe hatuhitaji kwenda mbali kuuona mfano. Nendeni hapo Tabaka mkaangalie jiwe linavyokuwa chombo. Mmoja analichimba shimoni. Mwingine analichonga kwa panga na kisu. Kina mama wanalisugua kwa msasa na maji, kisha linapakwa nta ling'ae. Mgeni akilinunua anasifu mchongaji. Lakini mwulizeni mchongaji mwenyewe kama angeuza kitu siku ambayo hakuna aliyechimba wala aliyesugua. Na mchongaji mzuri utamjua kwa vijana wanaokaa karibu naye wakiharibu mawe madogo hadi mikono yao izoee. Asiyekubali jiwe liharibiwe hatamwachia mtu kazi yake.

Hata Injili yenyewe ilitufikia kwa njia hiyo. Waadventista walipofika Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen hakuja peke yake. Alikuja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kutoka huko kazi ikapanda hadi milima yetu. Septemba 1914 vita vilipofika mji wa Kisii, wamisionari waliondoka na misheni za huku zikaporwa. Kama kazi ingekuwa ya wale walioondoka tu, tusingekuwa hapa leo.

Sasa niwaambie kwa nini nimeona niyaseme haya siku ya furaha. Kwaya yetu imetimiza miaka 50. Katika Walawi 25, mwaka wa hamsini ndio mwaka wa Jubilii, na katika Jubilii watu hurudisha. Shamba linarudi kwa mwenyewe, mtumwa anarudi kwao. Hatuwezi kukata keki na kuvaa sare mpya tukaiita Jubilii bila mtu kurudisha kitu alichokishika.

Na kuna neno jingine, Hesabu 8:24-26. Mlawi alianza utumishi akiwa na miaka 25, na akifika 50 aliacha ile kazi nzito. Lakini hakuambiwa aende nyumbani. Alibaki hemani kuwasaidia ndugu zake. Wazee wenzangu, hapo ndipo penye mahali petu. Tumeogopa kuachia kwa sababu tulidhani anayeachia anatupwa. Na ninyi vijana, mara nyingine mmetufanya tuogope, kwa kutucheka tunaposema solfa na kwa kutishia kuanzisha kwaya yenu mkikosa kuchaguliwa. Mlawi wa miaka 25 na Mlawi wa miaka 50 walikuwa katika hema moja.

Naomba mambo matatu. La kwanza, kila mwalimu wa kwaya awe na wanafunzi wawili, nao waongoze wimbo mbele ya kanisa, hata wakikosea. La pili, madaftari yote yanakiliwe, kila sauti iwe na nakala yake. La tatu, kamati ya uteuzi ikikaa, msiulize tu, "Huyu anaweza?" Ulizeni pia, "Huyu ameinua nani?"

Yule msichana wa alto leo ni mama, na ameketi hapa na wajukuu. Sitamtaja jina, ananijua. Mama, sikukuomba msamaha wakati ule. Nakuomba leo.

Na ufunguo huu hapa. Sanduku lenyewe limeshika kutu, lakini bado linafungika. Mwenyekiti wa kwaya, njoo uuchukue. Ukilifungua, usilifunge tena.

Nyasae abasesenie. Amina.