Mchagua Jembe: Nasaha kwa Anayeanza Kujifunza Gitaa la Besi

(Mazungumzo kwa wanakwaya na vijana wa vikundi vya muziki, wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara)



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, leo naomba kuupinga usemi huo, walau kwa upande wa gitaa la besi. Jembe bovu mkulima hulitambua siku ya kwanza shambani, kwa kuwa amekwisha kushika mengine. Anayeanza kujifunza besi hana la kulinganisha. Chombo kikiwa kibovu, yeye hujidhania kuwa ndiye mbovu: kwamba vidole vyake ni vizito, au kwamba muziki si fungu lake.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nikiwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, nilijinyima kwa miezi mingi nikanunua besi katika duka moja mjini. Niliipiga kwa wiki sita. Kila nilipopanda juu ya shingo, sauti ilikwenda kombo na kwaya. Wenzangu walinivumilia, kisha wakaacha kunivumilia. Siku moja mzee mmoja aliyewahi kupiga katika bendi alikilaza chombo magotini, akafumba jicho moja, akakitazama kwa urefu. Akaniambia, "Mwanangu, shingo imejipinda. Wewe ni mzima." Nilirudi dukani. Muuzaji aliuliza swali moja tu: stakabadhi iko wapi? Sikuwa nayo. Fedha zilipotea, nami sikushika gitaa kwa mwaka mzima. Nimekuja ili lisimpate mwingine.

Kabla ya kutoa fedha

Besi ya kawaida ina nyuzi nne, ambazo kutoka ule mnene hadi ule mwembamba huitwa E, A, D na G. Urefu wa uzi unaolia, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, ni takriban sentimita 86. Zipo pia besi fupi za takriban sentimita 76, na hizo zinamfaa mtoto au mtu mwenye mikono midogo. Usikubali kuambiwa kwamba besi fupi ni ya kuchezea. Ni chombo kamili.

Nendeni dukani wawili, mmoja wenu akiwa anajua kupiga, nanyi mfanye majaribio matano. Muuzaji mwema hatachukia.

La kwanza ni shingo. Itazame kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja, kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imejinyonga, upande mmoja juu na mwingine chini, irudishe. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, ukatazame katikati. Panapaswa kuwa na mwanya mdogo, wa kupitisha kadi nyembamba. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imekunjika mbele. Usipokuwapo kabisa, huenda imekunjika nyuma. Mkunjo mdogo fundi huurekebisha kwa chuma kilichomo ndani ya shingo. Aliyejinyonga hana dawa rahisi.

La pili ni kimo cha nyuzi. Chukua rula ya mwanafunzi, pima kwenye freti ya 12: milimita mbili hadi tatu zinatosha. Nyuzi zikiwa juu sana, utaumia vidole na kulaumu vidole.

La tatu, piga kila noti ya kila uzi, polepole, hadi mwisho wa shingo. Sikiliza mlio wa mikwaruzo, au noti inayokufa kabla ya wenzake.

La nne ndilo lililoniponza mimi. Linganisha uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12. Noti lazima iwe ileile, hatua nane juu. Ikikengeuka, mwombe muuzaji asogeze kitako cha uzi kwenye daraja mbele yako. Kikigoma kusogea, au sauti ikiendelea kukengeuka, acha. Programu za simu za kulinganisha nyuzi zipo za bure, lakini uzi wa E hutoa mitetemo takriban 41 tu kwa sekunde, sauti ya chini ambayo simu huisikia kwa taabu penye kelele. Fanya jaribio hili mahali patulivu.

La tano, chomeka kebo, zungusha kila kitufe, tikisa kidogo pale kebo inapoingia. Mkwaruzo wa kitufe unaweza kuwa vumbi. Sauti inayokatika ni waya, na waya huo sasa ni wa muuzaji. Ukishalipa utakuwa wako.

Umeme na spika

Gitaa si gharama yote. Wekeni kando fedha za spika, kebo, mkanda, nyuzi za akiba na fundi. Kikundi kilichochangia kwa mauzo ya kahawa au mahindi, kisha kikamaliza yote kwenye gitaa, hujikuta kikilichomeka kwenye redio ya sebuleni. Spika za redio hazikuundwa kuhimili pigo la besi, zitapasuka. Kanisa lenye mitambo ya sauti linaweza kuipitisha besi humo kwa kifaa cha kuunganishia, na gharama ikapungua.

Someni kibandiko nyuma ya spika. Umeme wetu ni volti 230. Spika zilizotumika, zilizotoka Japani, huwa za volti 100, na za Marekani volti 120. Ukizichomeka ukutani bila transfoma umeziunguza, na pengine umeunguza zaidi ya hizo.

Hapa nasema kwa mkazo. Usikate mguu wa ardhi wa plagi ili iingie kwenye soketi. Nyuzi za besi ni chuma, nazo kwa kawaida zimeunganishwa na waya wa ardhi wa spika. Ardhi isipokuwapo na hitilafu ikatokea, umeme hupita katika mikono ya mpigaji, naye pengine ameshika kipaza sauti cha chuma. Mtu hufa hivyo, kanisani au kwenye harusi, mbele ya watu wake.

Sirari na ng'ambo ya mpaka

Najua wengi wenu mtavuka kwenda Isebania, kwa kuwa ni hatua chache. Si kosa. Lakini ukinunua Isebania umenunua Kenya, nchi yenye Sheria yake ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, na malalamiko yako yatafuata utaratibu wa huko. Chukua stakabadhi, pita kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Sirari, tangaza mzigo, lipa kinachopaswa, tunza karatasi. Anayepita njia ya panya hupunguza gharama ya siku moja, lakini chombo chake kinaweza kukamatwa, naye hatathubutu kulalamika kikiwa kibovu.

Kwa wauzaji wa mitandaoni, kanuni ni moja: usitume fedha kwa picha. Lipa baada ya majaribio matano. Tunza ujumbe wote mlioandikiana na ule wa malipo ya simu.

Haki yako, na mipaka yake

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, inataka pia iwe na ubora unaokubalika. Ukimweleza kazi unayoitakia na ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Zipo hadhari mbili. Ukikikagua chombo, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionesha haitakulinda baadaye. Basi kagua kwa makini, na kasoro mliyokubaliana irekebishwe iandikwe. Pili, ukinunua kwa mpigaji mwenzako asiyefanya biashara hiyo, ulinzi wa ubora hupungua sana. Kwake yeye, majaribio matano ndiyo ngao yako.

Kisha stakabadhi. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Iandikwe aina ya gitaa, namba yake kama ipo, na ahadi yoyote: "itarejeshwa ndani ya siku saba," kwa mfano. Ahadi ya mdomo huisha mlangoni. Ukikuta kasoro, acha kukitumia, rudi mapema ukiwa na chombo, stakabadhi na shahidi uliyekwenda naye. Usifungue skrubu wala kumpa fundi kwanza, kwa maana utaambiwa ndiwe uliyeharibu. Ukikataliwa, andika barua, baki na nakala, upeleke malalamiko kwenye Tume.

Miezi mitatu ya kwanza

Mkishapata chombo kizima, kazi inayobaki ni yenu, nayo inawezekana.

Dakika 20 kila siku hushinda saa tatu za Jumamosi. Linganisha nyuzi kila unapoanza. Mkono wa kulia utembee kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa kupokezana. Wa kushoto ubonyeze nyuma tu ya freti, si juu yake, kwa nguvu kidogo inayotosha noti kulia. Ncha za vidole zitauma, hilo hupita. Kifundo cha mkono kikiuma, simama, punguza nguvu, tazama ulivyoketi.

Usijifunze peke yako kwa muda mrefu. Mwombe mwenzako apige ngoma au makofi, mapigo 60 kwa dakika, nawe upige noti moja kwa kila pigo hadi zisikike kama kitu kimoja. Ndipo ujifunze noti mama ya kila kodi ya wimbo mmoja mnaoujua. Katika bendi za dansi, gitaa la solo huimba na la rithimu hujaza, bali besi huifunga ngoma na sauti pamoja. Ni kazi ya kusikiliza, na kunyamaza ni sehemu yake. Nanyi hamtoki mikono mitupu: aliyekua akisikia iritungu, chombo cha Wakurya chenye nyuzi nane, amekwisha kusikia jinsi nyuzi za chini zinavyoshika mwendo huku za juu zikizungumza. Muulizeni mpigaji mzee kabla hamjamwuliza mtu wa mbali.

Mkimtafuta mwalimu wa kulipwa, msikieni akipiga, kisha lipeni kwa mwezi, si kwa mwaka. Anayeahidi kwamba utaijua besi kwa siku saba anauza siku saba, hauzi besi.

Na chombo kisiachwe chini ya mabati ya moto, wala kisifungwe kwa mpira nyuma ya pikipiki kutoka Mugumu hadi Tarime. Mbao hujikunja kwa joto, na mtarudi kwenye jaribio la kwanza.

Ndugu zangu, sikuja kuwatisha. Nimekuja kwa ajili ya kijana mmoja ambaye wiki ya sita atataka kuacha. Kabla hajaacha, mwambieni akilaze chombo magotini, afumbe jicho moja, akitazame. Huenda yeye ni mzima.