Imani na Akili Mbele za Mungu



Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa Dar es Salaam, walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa KKKT, kwa shilingi 500. Wapo waliofariki wakiwa kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021. Swali lililobaki lingali hai: je, atumiaye akili amepungukiwa imani?

Martin Luther alilijibu katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Akieleza sehemu ya kwanza ya Imani ya Mitume, aliihesabu akili miongoni mwa vipawa vya Muumba. Akieleza sehemu ya tatu, alikiri kwamba mtu hawezi kumwamini Kristo kwa akili yake mwenyewe. Roho Mtakatifu ndiye amwitaye kwa Injili. Basi akili haiokoi, wala haidharauliwi.

Mama wa Mwananyamala ambaye mwanawe anachemka kwa homa usiku halazimiki kuchagua kati ya kanisa na hospitali. Amwombee njiani, ampeleke akapimwe, ampe dawa mpaka dozi iishe. Na mtoto asipopona, mtu asije akamwambia mama huyo kwamba imani yake ilikuwa haba. Msalaba haukusimamishwa uwe mizani ya kupimia imani ya waliofiwa. Kazi ya Kanisa siku hiyo ni kuketi naye.

Amina.