Keti Kwanza Uhesabu

Somo letu la leo ni Luka 14:28, habari ya mtu atakaye kujenga mnara. Mjenzi mwenye busara haanzi na mawe. Huanza kwa kuketi na kuhesabu.

Leo twasema hasa nanyi vijana wetu wa vyuo vikuu. Mkopo wa masomo uingiapo, mwenzako bwenini hukuambia, “Weka fedha hapa, mwezi ujao utapata maradufu.” Nawe unatoa. Ni nini kilichousukuma mkono wako? Mara nyingi si hesabu. Ni hofu ya kuachwa nyuma, ni kumwamini rafiki, ni hamu ya kumpelekea mama kitu nyumbani. Hamu hiyo si dhambi, lakini nia njema haizuii hasara.

Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, na wengine wakakopa benki ili wanunue. Kabla mwaka haujaisha, bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja, na mwaka 2021 bei ikapita shilingi 40. Aliyebanwa na deni hakuweza kungoja; aliuza kwa hasara. Hisa zilikuwa zile zile. Kilichowatenga ni fedha walizonunulia.

Na hiyo ilikuwa kampuni yenye kazi ya kweli. Miradi ya piramidi iliyoanguka mwaka 2006 na 2007 iliwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Twasema kwa huzuni kwamba mingine ilienea hata makanisani, kwa kuwa ndugu alimwamini ndugu.

Basi, kijana, kabla hujatoa hata shilingi moja, keti ujiulize: Faida hii yatoka wapi? Fedha hizi ni akiba yangu, au ni karo? Zikipotea zote, nitabaki masomoni? Usipopata jibu, fumba mkono wako.

Nasi wazazi, tusiwatwike watoto wetu mzigo wa kututajirisha kabla hawajahitimu. Huenda haraka yao imetoka kwetu.

Tuombe. Ee Bwana, wape vijana wetu subira, nasi wazee wao utufundishe kuridhika. Amina.