Mtihani Usio na Kupita wala Kuanguka

Leo tunataka kusema nanyi juu ya vijana wetu walioko Marekani, hasa wale wanaotamani kuwa mawakili. Jamaa nyingi hapa kwetu zina mtoto huko. Harambee ilifanywa, ng'ombe akauzwa, na ndugu wakamsindikiza hadi uwanja wa ndege. Sasa miaka imepita, mtoto ana digrii yake, lakini anapiga simu kusema kwamba bado hajaanza kusoma sheria, kwa kuwa kuna mtihani mbele yake. Wazee hutazamana na kuuliza: mtihani gani tena?

Si ajabu wakiuliza hivyo. Hapa Kenya kijana anayemaliza shule ya sekondari na kupata alama za kutosha anaweza kuingia chuo kikuu moja kwa moja kusomea sheria. Marekani sivyo. Huko mtu husoma kwanza digrii nyingine, kwa kawaida miaka minne, ndipo aombe nafasi katika chuo cha sheria, na akikubaliwa husoma miaka mitatu zaidi. Wengi wanaoomba nafasi hiyo hufanya mtihani uitwao LSAT, ambao ulianza mwaka wa 1948.

Mtihani huu, ndugu msikilizaji, hauulizi sheria hata kidogo. Hauulizi tarehe wala majina ya watu. Unapima jinsi mtu anavyosoma na anavyofikiri huku saa ikimkimbiza. Una sehemu nne, na kila sehemu ina dakika 35. Sehemu tatu huhesabiwa. Moja haihesabiwi, lakini mtahiniwa haambiwi ni ipi. Katika sehemu ya kupima hoja kuna maswali kama 25, hivi kwamba kila swali halipati hata dakika moja na nusu.

Hebu tutoe mfano wetu wenyewe. Mtu anasema: "Mvua ikinyesha, njia ya kijiji chetu huwa na matope. Leo njia ina matope. Basi mvua imenyesha." Wengi wetu tutatikisa kichwa na kukubali. Lakini je, kama bomba la maji limepasuka? Mvua huleta matope, ndiyo, lakini si kila tope limeletwa na mvua. Kosa dogo kama hilo ndilo mtahiniwa anatakiwa kuliona, tena limefichwa ndani ya maneno mengi, na majibu matano yamepangwa mbele yake, yote yakionekana mazuri.

Hapo ndipo vijana wetu wanapotaabika. Shuleni tulizoezwa kukariri. Aliyekesha na daftari lake aliamka akayaandika aliyoyashika, akapata alama. Kijana aliyelelewa hivyo huushambulia mtihani huu kwa nguvu ile ile. Anatoka kazini usiku, pengine kazi ya kuwatunza wazee, anafungua kitabu, anajibu maswali 50, anahesabu aliyopata, kisha analala. Kesho anajibu mengine 50. Mwezi wa tatu unafika na alama zake ziko pale pale. Ndipo moyo unapoanza kumwambia: labda akili yako haitoshi.

Kijana, kama unatusikiliza, au kama mama atakusomea maneno haya kwa simu, tunakuomba usikubali neno hilo upesi. Mwenye kuchimba kisima mahali pasipo maji hakosi nguvu, amekosa mahali. Maswali unayopata hayakufundishi mengi. Yale unayokosa ndiyo mwalimu wako. Chukua daftari. Kwa kila swali ulilokosa, andika kwa maneno yako kwa nini jibu ulilochagua lilikuvuta, na kwa nini lile jingine ndilo la kweli. Fanya maswali 10 hivi badala ya 50. Anza bila saa mpaka uelewe, halafu ulete saa. Siku ya mtihani usiache swali lolote wazi, kwa sababu jibu la makosa halipunguzi alama. Na ulale usingizi wako. Akili iliyochoka husoma mstari mmoja mara tatu bila kuuona.

Nasi tulio nyumbani, tuna neno letu. Kijana akimaliza mtihani, watu huuliza, "Amepita au ameanguka?" Mtihani huu hauna kupita wala kuanguka. Matokeo ni namba tu, kuanzia 120 hadi 180, na kila chuo huitazama namba hiyo pamoja na mambo mengine. Mtu anaweza kuurudia, ingawa hawezi kuufanya zaidi ya mara saba maishani. Kwa hiyo mtoto akisema, "Nitaufanya tena," tusimwone kama aliyeiaibisha harambee.

Tena tukumbuke kwamba kipimo chenyewe kimetengenezwa na watu. Kwa miaka mingi mtihani huu ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu, ambayo wengi waliyatatua kwa kuchora michoro. Asiyeona angechoraje? Watu wasioona walipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka wa 2019 yakapatikana mapatano. Kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo imeondolewa. Fikirini basi ni wangapi waliojiona wajinga kwa ajili ya kipimo ambacho baadaye wenyewe walikibadilisha! Tukiheshimu kipimo, na kijana ajiandae kwa bidii. Lakini mizani ya sokoni hupima uzito wa gunia. Haisemi kama mahindi ni matamu.

Basi, mzazi, utakapopiga simu Jumapili, usianze na namba. Muulize mwanao kama amekula. Muulize kama amelala. Ukimwombea, mwombee apate utulivu, wala maombi yako yasiwe mzigo mwingine mgongoni mwake. Mwache ajue kwamba akiwa wakili ni mtoto wako, na akiwa mwalimu au fundi ni mtoto wako vile vile. Mtu anayejua hivyo huketi mbele ya mtihani bila kutetemeka, na asiyetetemeka husoma vizuri zaidi.