Isukuti Isibaki Nje ya Mlango
(Hotuba ya mzee wa kwaya siku ya Jubilei)





Leo mmeingia kwa isukuti na kanisa zima likasimama. Nami nikamkumbuka babu yangu. Alipotaka kubatizwa aliambiwa achague: ngoma au ubatizo. Akaitundika ngoma yake ghalani, asiiguse tena hadi kufa.

Sisi Waisukha na Waidakho wa Kakamega tunajulikana kwa isukuti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Pembe ya swala na njuga za chuma. Mmoja anaanzisha, wanaume na wanawake wanaitikia kila kundi kwa safu yake. Mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, watu wakioana, mzee akizikwa, ilipigwa. Aliyeisikia kutoka ng'ambo ya mto alijua: pale kuna watu wetu, na wana jambo.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, hata katika ibada. Mlango ukafunguliwa.

Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wanaoijua vizuri ni wazee, na warithi ni wachache. Tusiwatazame wengine. Sisi wenyewe hapa tunapiga mdundo mmoja kwa kila kitu: harusi huo, matoleo huo, mazishi huo. Nyimbo za kumfariji mfiwa tumewaachia wazee. Wakizikwa, zitazikwa nao.

Babu aliiacha ngoma kwa kuwa alikatazwa. Sisi hatujakatazwa. Ikipotea sasa, tutajibu nini?

Basi ombi langu ni moja. Mwaka huu wa Jubilei, kila kijana wa kwaya aende kwa mzee mmoja ajifunze wimbo mmoja: huimbwa lini, kwa nini, na mdundo wake ni upi. Kisha tukae na Padre na katekista tuyapime maneno yake. Unaofaa, tuuimbe kanisani.

Ngoma ya babu nimekuja nayo, iko pale mlangoni. Ngozi imechanika, lakini mti wake ni mzima. Nawakabidhi. Wambeni ngozi mpya.

Mungu awabariki.