Nyuzi 96

Msikilizaji, injika sufuria ya maji hapa Kirumba, Mwanza, yaache yatokote, kisha tumbukiza kipimajoto. Kitasoma nyuzi 96 hivi. Kitabu cha fizikia kinasema 100. Wanafunzi wengi hukilaumu kipimajoto, halafu wanaandika 100 daftarini ili wapate vema.

Hilo linaniuma. Mtoto ameona kwa macho yake, na shule imemfundisha kutoyaamini. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona mchanganyiko wa moto wa askirimu ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, walichapisha makala ambayo wanasayansi wanaibishania hadi leo.

Kipimajoto cha Kirumba ni kizima. Ziwa letu la Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoyalemea maji hapa ni pungufu kuliko ya pwani. Mvuke ukipata nguvu ya kulingana na hewa hiyo, maji yanachemka. Hewa ikilemea kidogo, joto dogo linatosha.

Lakini nani amewahi kuuona mgandamizo wa hewa? Ubao hauuonyeshi. Bomba la sindano la duka la dawa linauonyesha. Liondoe sindano, vuta maji ya moto yaliyokwisha tulia, yafike robo ya bomba. Toa hewa yote, ziba mdomo wake kwa kizibo, kisha vuta mchi kwa nguvu. Maji yanachemka upya, moto haupo! Achia, yanatulia. Mara ya kwanza ashike mwalimu, maana maji hayo bado yanaunguza.

Na kabla ya kuvuta, walimu wangu, nawasihi: ulizeni. Kila mtoto aandike anachotarajia na amweleze jirani yake sababu. Somo lote limo katika dakika hizo. Ukitanguliza maelezo, watoto watatazama bomba kama mazingaombwe, wapige makofi, waende mapumziko.

Bomba moja kwa kila wanafunzi watano halingoji mfadhili wala jengo la maabara. Wazazi, kikao cha shule kikiitishwa, ulizeni kama mabomba yamenunuliwa.