Mche wa Sabuni na Vitu Vilivyomo Ndani Yake



Mtu anunuapo mche wa sabuni dukani hununua mafuta na magadi vilivyokwisha kuoana. Mafuta peke yake hayaondoi uchafu, na magadi makali peke yake hula ngozi; lakini vikipikwa pamoja kwa kipimo cha haki, kila kimoja huacha tabia yake ya kwanza, na kitokeacho ni sabuni.

Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1823. Alionyesha ya kuwa ndani ya mafuta zimo asidi zilizoshikana na kitu kitamu kiitwacho glisirini. Magadi makali huzitenga asidi hizo na glisirini, kisha huungana nazo. Viwandani hutiwa chumvi katika chungu kichemkacho. Sabuni huelea juu, na glisirini hubaki chini katika maji ya chumvi. Haitupwi, kwa maana hutengenezewa dawa, na hata baruti.

Magadi ya majivu ya kuni hutoa sabuni laini kama uji. Itoayo sabuni ngumu, ya kukatwa miche, ni soda. Huko Ulaya soda ilikuwa adimu, hata Nicolas Leblanc alipopewa hati mwaka 1791 ya kuitengeneza kwa chumvi. Kenya inalo Ziwa Magadi, na jina lake latosha kuwa ushahidi. Lakini magadi ya ziwani ni mapole. Hayana budi kupikwa na chokaa ndipo yawe soda kali, iitwayo kostiki.

Hapa ndipo wapikao sabuni nyumbani hukosea. Kilo moja ya mafuta ya nazi yahitaji soda kali yapata gramu 183, bali kilo moja ya mafuta ya ng'ombe yahitaji yapata gramu 140 tu. Atumiaye kipimo cha nazi kwa mafuta ya ng'ombe huacha soda nyingi isiyopata mafuta ya kuungana nayo, na soda hiyo huichoma mikono ya mfuaji. Mizani ni ya lazima. Kukadiria kwa kikombe hakufai.

Tena sabuni itokapo chunguni huwa na maji yapata sehemu 30 katika 100. Anunuaye mche mbichi kwa uzito hununua maji kwa bei ya sabuni. Mama mwenye busara huukata vipande, akavianika kivulini majuma kadhaa. Vikikauka haviishi upesi majini.

Soda kali hutiwa katika maji baridi kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya soda, kwani huchemka ghafula na kurukia macho. Sufuria ya alumini isitumiwe, maana soda huila. Chombo cha chuma cha pua chafaa. Wala soda isiwekwe katika chupa ya soda ya kunywa. Mtoto akiimeza asitapishwe, kwa sababu itokapo humchoma koo mara ya pili. Kinywa chake kisukutuliwe kwa maji, naye apelekwe hospitali saa ile ile, pamoja na chupa yenyewe ili mganga aone alichokinywa.